Mshonaji wa Mashambulizi

Makocha wengine huning'iniza filimbi shingoni. Wetu alining'iniza futi ya kushonea, ya njano, iliyofutika namba za mwanzo kwa kushikwashikwa, na alipotaka tunyamaze alipiga makofi mawili. Nimefundishwa baadaye na watu wenye vyeti, wenye fulana zilizoandikwa vyeo vyao mgongoni, na sikumbuki sauti ya hata mmoja wao. Makofi yale mawili nayakumbuka nikiwa jikoni nakaanga vitunguu, na nikiyakumbuka huinua kichwa kutazama kushoto na kulia, peke yangu, kama mwehu.

Alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Warwick, mjini Durban, juu ya duka la vitambaa, na humo yeye na mkewe walishona sare za shule, sare za kwaya na magauni ya harusi za Wakongo. Jioni tatu kwa wiki alifungia mkasi kwenye droo, akapanda taxi hadi Westville, akaja kufundisha wasichana mpira wa kikapu. Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha biashara, na siku hizi hakipo tena. Hakikuwa na uwanja. Tuliazima uwanja wa saruji wa kanisa moja kule juu, katikati ya nyumba za watu wenye magari mawili mawili, na kwa kuwa sisi tulifika kwa miguu, mbwa wote wa mtaa walitujua.

Tulimwita Kocha. Hata mkewe, akija na bakuli la maandazi madogo ambayo yeye aliyaita mikate, mbele yetu alimwita Kocha. Kwa hiyo hapa pia atabaki Kocha.

Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, kimechanganyika na Kifaransa kama wali na maharage. Changu ni cha Tanga, nilikokulia kabla baba hajatuleta Durban alipopata kazi ya kuendesha malori ya makontena bandarini. Siku ya kwanza nilimwamkia kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Kocha."

"Shika nini?"

"Shikamoo."

Akalifikiria neno lile kidogo, akaona halina ubaya. "Merci, mama," akasema. Kwa miaka miwili yote niliyokuwa chini yake nilimpa shikamoo na yeye akanipa merci, na hakuna aliyemrekebisha mwenzake.

Alinichagua bila kuniona nikicheza. Aliniona nikipita katikati ya wenzangu waliokuwa wakinyoosha miguu chini, nimebeba ndoo ya maji, sikumgusa mtu wala sikumwaga. "Weye njo meneur," akaniambia. Meneur ni yule anayepandisha mpira na kuamua uende kwa nani, ubongo wa timu kwa kifupi. Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote, mwaka wa kwanza chuoni, na nikitupa mpira kutoka mbali ulikuwa unaanguka kabla ya kufika kwenye kikapu. Wenzangu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka ili nisilie.

Jioni ile ile akatueleza jambo lililokuwa linamkabili. Ofisi ya michezo ya chuo ilikuwa imemwambia kwamba hana cheti cha ukocha, na kanuni inataka cheti. Kwa heshima yake wangempa msimu huu na ujao. Tukifuzu kwenda kwenye mashindano ya vyuo ya nchi nzima, watamwombea ruhusa maalumu. Tusipofuzu, timu itapewa mtu mwenye karatasi. Alisema haya amesimama, mikono nyuma, bila kulalamika. "Bureau haina kosa. Cheti sina. Donc tutafanya kazi." Kisha akanirushia mpira mimi, yule wa kuangusha mipira njiani, na nikaelewa kwamba riziki ya moyo wake ameiweka kwenye viganja vyangu. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa nieleze alivyochora. Wenzake walikuwa na ubao mweupe na kalamu. Yeye alikuwa na karatasi za kaki, zile za kukatia ruwaza za nguo, na chaki ya fundi, ya bluu. Alizitandaza kwenye saruji, akaziwekea viatu vyetu pembeni zisipeperuke, akachora mashambulizi. Timu iliyotutangulia ilikuwa inacheza mitindo iliyoigwa kwenye televisheni, ya wanaume warefu wa Marekani. Aliitupa yote. "Hapana kushonea mutu nguo ya mwenzake," alisema. "Ukimushonea, ataivaa juu ya adabu, lakini hataicheza ndani yake."

Kwa hiyo alitupima. Simaanishi kwa futi, ingawa hiyo nayo aliitumia, kupima hatua zetu kutoka mstari hadi mstari. Alimwuliza kila mmoja anapenda nini na anaogopa nini. Msichana wetu mrefu kuliko wote alisema hapendi kusukumwa. Kocha mwingine angemwambia ajikaze. Wetu alimtoa chini ya kikapu, kwenye vurugu, akamweka juu, kwenye mstari, na shambulizi hilo akaliita Kola. Nomusa, Mzulu wa Umlazi, alisema anapenda kusimama. Tukaangua kicheko, lakini ilikuwa kweli: mwache Nomusa asimame pembeni kabisa mwa uwanja, mpe mpira akiwa peke yake, na utaingia. Mkimbize, ataishiwa pumzi na hataona hata kikapu kiko wapi. Shambulizi la Nomusa likaitwa Mfuko. Tulikuwa na Kifungo pia, na Pindo, na moja liitwalo Zipu ambalo halikuwahi kufanya kazi na alikataa kulifuta.

Mfuko ndilo lilikuwa letu hasa. Mimi naingia na mpira moja kwa moja katikati, kama mjinga. Wapinzani wawili, wakati mwingine watatu, wananijia. Wakishanijia, Nomusa amebaki peke yake pembeni, mfukoni, na mimi nautoa mpira kwake. Ni jambo dogo kulisimulia. Lakini lote linategemea nimwone Nomusa bila kumtazama, kwa maana nikimtazama, na wao wanamtazama.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwangu: macho. Mikono yangu hakuijali. "Mikono inaweza kungoja," alikuwa akisema, "macho haiwezi." Jumamosi asubuhi aliniita kibandani, tukashuka pamoja hadi Warwick, na akanipitisha sokoni katika kile kipindi ambacho wapagazi wa mikokoteni wanapiga mbinja na kila mtu ana haraka. Masharti: nitembee kasi, nisiguse mtu, nisiangalie miguu yangu, nisigeuze shingo. Tukifika upande wa pili alikuwa ananihoji kama polisi.

"Mama wa mahindi alifunga nini kichwani?"

"Kitambaa. Chekundu."

"Na pembeni yake?"

"Mzee wa dawa. Alikuwa amelala."

"Hakulala. Alifunga macho moja tu. Rudia."

Nilirudia hadi wauza dawa za mizizi wakatuzoea na kunitania kwa Kizulu kwamba babu ananitafutia mume. Miezi ilipita hivyo. Sitasahau Jumamosi niliyofika upande wa pili nikamwambia, kabla hajauliza, kwamba mzee wa dawa leo ana viatu vya rangi mbili tofauti. Kocha alirudi mwenyewe kwenda kuhakikisha. Aliporudi akaninunulia hindi la kuchemsha, na tukala tukitembea.

Nisije nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na vituko vyake. Alihubiri kuwahi, na kila mara alichelewa, akisingizia robot, zile taa za barabarani, kwamba zote za Durban zinamwona na kuwaka nyekundu. Alitukataza kubishana na refa, halafu akatolewa uwanjani mara mbili kwa kubishana, kwa Kifaransa, na refa asiyejua hata bonjour. Alisema kushinda si kitu, kucheza vizuri ndiyo kitu. Mkewe alikuwa na ushahidi mwingine. "Ukiona kwaya imeimba na mukono moja ya joho iko murefu," alituambia akigawa mikate, "ujue Jumamosi mulifungwa." Na yeye aliyetukataza kurudia kosa lililopita, alikuwa akirudi nalo nyumbani akalichora upya kwenye kaki, akamwonyesha mkewe aliyekuwa na usingizi wake. Mama yule alijua Mfuko kuliko wachezaji wetu wa akiba.

Kosa letu kubwa la kwanza, mimi na yeye, halikuwa la mpira bali la neno. Mechi ya kwanza ya msimu, niliingia katikati kama tulivyopanga, wapinzani wakanijia, na kutoka kwenye benchi nikasikia sauti yake: "Tosha, tosha."

Nilikotoka mimi, kutosha ni kuwa tele, kuwa basi. Nikadhani ameomba mapumziko. Nikasimama. Nikauweka mpira chini kwa adabu, nikanyoosha mgongo. Msichana wa timu pinzani akaniangalia kwa huruma, akauokota, akakimbia nao akafunga peke yake.

"Nimekuambia tosha," alinijia Kocha mbio.

"Na mimi nikatosha."

"Uliweka chini!"

"Si umesema inatosha?"

Kwao Lubumbashi, nilikuja kujua, kutosha ni kutoa: tosha viatu, tosha sufuria kwenye moto, tosha mpira umpe Nomusa. Alikuwa ananipa amri sahihi kabisa na mimi nilikuwa naitii kabisa, na tukafungwa vibaya. Alininunia siku tatu. Siku ya nne akaja na karatasi ya kaki yenye safu mbili, Kiswahili chake na changu, maneno kumi, akasema timu nzima itayajifunza, Wazulu na wote, ili wapinzani wasituelewe. "Tosha" likashinda likawa la kwake. Nomusa alilipenda kupita kiasi. Alilitumia hata kwenye foleni ya chakula chuoni, akimwita aliye mbele yake sisi, yaani dada kwa Kizulu: "Eish, sisi, tosha, nami nina njaa." Aliamini ni neno la Kikongo la kuomba kwa upole.

Tulianza kushinda. Mwaka uliofuata ukawa ule wa Kombe la Dunia, mji mzima umeshikwa na soka, vuvuzela hadi kwenye magari ya taka, na hakuna aliyetujali sisi wa kikapu. Tulicheza mbele ya mkewe Kocha na mbwa wa Westville. Lakini ndani ya uwanja ule wa kanisa nilikuwa nimebadilika. Nilikuwa naona. Ukiniuliza leo furaha ya ujana wangu ilikuwa wapi, sitakutajia pwani wala mapenzi. Nitakuambia ilikuwa pale ninapoingia katikati, watu watatu wananijia, na mimi najua bila kugeuza shingo kwamba Nomusa ameinua mkono.

Mechi ya kufuzu ilikuja mwezi wa tisa. Ushinde uende mashindano ya nchi nzima, ushindwe msimu uishe. Kila mtu alijua maana yake kwa Kocha, na hakuna aliyelitamka. Nilimwamkia, akanijibu merci, akanifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya.

Siku hiyo baba alikuja. Hakuwa amewahi kuja hata mara moja. Kwake mpira wa kikapu ulikuwa kitu cha kunichelewesha masomo, na alikuwa na methali yake aliyonipigia kila niliporudi na goti limechunika: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa alikuwa amesimama kwenye uzio, na buti zake za bandarini na fulana ya kung'aa ya kazini, ametoroka zamu. Nilicheza kama sijawahi. Nilitoa mipira ambayo hata Kocha aliinuka kuitazama. Lakini baba hakuelewa. Kila nilipoutoa na mwingine akafunga, nilimwona akimpigia makofi yule mwingine.

Zikabaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, mpira ni wetu. Kocha akainua mkono akashika mfuko wa suruali yake. Mfuko. Niliingia katikati. Wakanijia wawili, na wa tatu, aliyekuwa akimlinda Nomusa, akaacha nafasi yake akanijia pia. Nikasikia "Tosha." Nikamwona Nomusa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, hakuna mtu karibu naye, hata kivuli. Nilimwona vizuri, na nikaruka nikatupa mwenyewe, kwa sababu nilitaka baba anione mimi nikifunga. Mpira uligonga chuma ukarudi.

Nomusa alikaa chini palepale mfukoni. Baba alinisubiri akasema nimecheza vizuri, na ile sifa ilinichoma. Kocha alikusanya karatasi zake, akazikunja moja moja, akaja akanishika bega. "Pole, mama," akasema. Nilingoja aniulize kwa nini. Aliniangalia usoni kwa muda, kama mtu anayetafuta tundu la sindano, kisha akaondoka na mkewe kuelekea kituoni. Hakuniuliza, wala siku ile wala baadaye. Mwezi haukuisha tukaletewa kocha mwenye cheti na filimbi, kijana mwema, na sina neno naye.

Niliona aibu kiasi kwamba niliacha kupita Warwick. Nikitoka mjini nilizunguka kwa njia ndefu. Nilimaliza chuo, nikapata kazi katika ofisi ya meli pale bandarini, nikawa mtu mzima wa kusaini fomu, na bado nilizunguka. Nilijiambia Kocha ananichukia. Kuna siku nilijiambia ana haki.

Mwaka 2015 Nomusa akachumbiwa. Alitaka wasimamizi sita wa harusi, magauni ya kijani, na alipotuma ujumbe kwamba tukapimwe, anwani ilikuwa ya Kocha. Nikampigia nikisingizia kazi. "Sisi," akaniambia Nomusa, "mimi ndiye niliyekaa chini siku ile, si wewe. Nenda ukapimwe."

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Kibanda kilikuwa kilekile, ila yeye sasa alivaa miwani na nywele zilikuwa zimekuwa chache. Alikuwa kwenye cherehani anapiga pindo la gauni la kijani. Nyuma ya pazia nilisikia mkewe akipiga pasi. Nilimwamkia, akajibu, akanionyesha kiti kwa kidevu. Sikukaa.

"Kocha, nina neno."

"Sema."

"Ule mpira wa mwisho, mwaka wa Kombe la Dunia. Ningempa Nomusa tungeshinda, na timu ungebaki nayo. Nimekuja kukuomba radhi. Nimechelewa, najua."

Aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno.

"Nomusa alikuwa wapi?"

"Kwenye Mfuko."

"Kwenye Mfuko, najua. Mi nauliza weye. Ulimuona?"

"Nilimwona."

"Mbele ya kutupa, ao kisha?"

"Mbele, kabla sijatupa. Aliinua mkono wa kushoto. Yule aliyemlinda alikuwa ameshakuja kwangu. Nilimwona kama ninavyokuona sasa, Kocha. Baba alikuwa kwenye uzio, nikataka anione nafunga. Ilikuwa tamaa tu."

Alivua miwani akaiweka juu ya kitambaa. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo na mekundu.

"Miaka tano," akasema. "Miaka tano mi nasema haukumuona. Nasema labda Mfuko niliiweka mbali sana. Labda nilichora mubaya. Nilichora tena, nilichora tena, naona iko sawa, alafu nasema, kama iko sawa, juu ya nini mutoto hakuona? Timu ni ya bureau, ile tuliisahau. Lakini mutu nilimufundisha macho miaka mbili, na siku ya mwisho..."

"Si kosa lako. Ni tamaa yangu."

"Tamaa iko yako na baba yako," akasema. "Ile mi sikukufundisha."

Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa ncha ya gauni la mtu. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kuomba msamaha, nimeyapanga njia nzima kutoka bandarini, na nikaona hayana pa kukaa, kwa maana hakuwa na kitu cha kunisamehe. Akainuka, akavuta pazia.

"Mama, zima pasi, kuya usikie," akamwambia mkewe. "Alimuona."